Michezo ya mezani ya soka ya zamani: jinsi ya kuijua na kuivusha mpaka

Wafanyabiashara wetu wengi walioko Uingereza wanaifahamu kazi ya kukusanya vitu vilivyotumika. Baiskeli, majokofu, magodoro na vyombo vya jikoni hununuliwa kwa watu wanaohama au wanaosafisha nyumba za wazazi wao, kisha vyote hupangwa ndani ya kontena kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Katika kazi hiyo hutokea boksi la zamani lililofungwa kwa kamba, ndani yake mna visanamu vidogo vya plastiki vilivyopakwa rangi za jezi, goli mbili na kitambaa cha kijani. Mara nyingi boksi hilo hutupwa, au husukumwa ndani ya kontena ili kujaza pengo. Aliyefanya hivyo huenda amekitupa kitu chenye bei kuliko jokofu alilolibeba mgongoni.

Bidhaa tunayoizungumzia ni michezo ya mezani inayoiga michezo ya uwanjani kama soka, kriketi, raga na beisiboli. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka ya 1950 hadi 1980. Watoto hao sasa ni watu wazima wenye pensheni au wanaoikaribia, nao wanatafuta timu ile ile waliyokuwa nayo utotoni. Wananunua kwa fedha halisi, na wengine wana vyumba vizima vyenye rafu zilizojaa maboksi hayo.

Wanunuzi hao hawako Mombasa wala Dar es Salaam. Wako Uingereza kwenyewe na katika nchi za jirani zake: Italia, Ubelgiji, Uhispania, Ireland na Malta. Hivyo hii ni biashara ya kuvuka mpaka ambayo soko lake liko jirani na chanzo chake. Tangu tarehe 1 Januari 2021, Uingereza ilipokamilisha kutoka kwenye soko la pamoja la Ulaya, mpaka huo una forodha, na wengi waliokuwa wakituma vifurushi Milano kama wanaotuma Manchester wamejikuta faida yote imebaki njiani. Kwa sababu hiyo anayeingia katika kazi hii anatakiwa kujua mambo mawili: kilichomo ndani ya boksi, na namna ya kulivusha.

Tutachukua mfano wa mchezo mmoja, Subbuteo. Ndio unaopatikana kwa wingi katika nyumba za Waingereza, na ndio wenye wanunuzi wengi nje ya nchi hiyo.

Mchezo wenyewe na historia yake

Subbuteo ni soka ya kupiga kwa ncha ya kidole. Kila mchezaji amesimama juu ya kitako cha duara kilicho mviringo kwa chini, na ukimpiga kwa kidole anateleza juu ya kitambaa, anaugonga mpira, kisha anabaki amesimama. Ulibuniwa na Mwingereza Peter Adolph, mpenzi wa ndege, aliyetoka jeshi la anga baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwezi Agosti 1946 aliweka tangazo katika gazeti la vijana la The Boy's Own Paper akiuza mchezo ambao alikuwa bado hajautengeneza. Fedha za oda zikaanza kuingia, naye akaanza kutengeneza. Seti za kwanza zikatumwa mwezi Machi 1947. Alitaka kuuita Hobby, jina la Kiingereza la ndege mmoja wa jamii ya kozi, lakini ofisi ya alama za biashara ilikataa. Ndipo akachukua neno kutoka jina la kisayansi la ndege huyo huyo, Falco subbuteo.

Seti hizo za mwanzo hazikuwa na uwanja. Mlikuwa na wachezaji bapa wa karatasi ngumu, goli za waya zenye nyavu za karatasi, na kipande cha chaki cha kuchorea uwanja juu ya blanketi la jeshi, kwa kuwa mwaka ule karibu kila nyumba ya Uingereza ilikuwa nalo. Ukikuta seti ya aina hiyo usiipuuze kwa sababu inaonekana kama takataka za karatasi. Angalia kwanza kama chaki, nyavu na karatasi ya maelekezo vimo.

Ni vizuri pia kujua kwamba Adolph hakuwa wa kwanza. Mchezo wa New Footy wa William Keeling wa Liverpool ulikuwapo tangu mwaka 1929, na uliendelea kushindana na Subbuteo hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mchuuzi asiyejua huuza New Footy kama "Subbuteo mbovu", na mnunuzi anayejua hulipa haraka na kuondoka kabla hajaulizwa swali.

Mwaka 1961 walikuja wachezaji wa plastiki wenye umbo kamili la mtu. Kuanzia hapo wakusanyaji hugawa wachezaji kwa umbo, na mgawanyo huo ndio unaopanga bei. Yuko mchezaji mzito, mwenye kitako kipana, aliyetawala kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1970. Baada yake alikuja yule ambaye wakusanyaji humwita zombi, amesimama wima, mikono imebana mwilini kama maiti, kwa sababu alibuniwa ili apakwe rangi na mashine badala ya mikono. Hakupendwa, hakudumu. Kuanzia mwaka 1980 akaingia mchezaji mwepesi. Kabla ya mashine, rangi zilipakwa kwa brashi na wanawake waliofanya kazi hiyo majumbani mwao huko Kent, ndiyo maana katika timu moja ya zamani utaona kaptura ya mmoja imepita mstari kidogo. Tofauti hiyo ndogo ni dalili njema. Wachezaji kumi wanaofanana kabisa kwa unadhifu wa brashi wanatakiwa kutiliwa shaka.

Kampuni ilinunuliwa na Waddingtons ya Leeds mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 1994 michezo ya Waddingtons ikaingia mikononi mwa Hasbro ya Marekani. Jina la mtengenezaji kwenye boksi kwa hiyo linakusaidia kujua umri wake, hata kama tarehe haikuandikwa.

Kwa nini Waitaliano? Muagizaji Edilio Parodi wa Genoa aliupeleka mchezo huu Italia katika miaka ya 1970, nao ukashika mizizi hasa. Hadi leo kuna vilabu vya soka ya mezani, na shirikisho la kimataifa, FISTF, lililoanzishwa mwaka 1992, huandaa Kombe la Dunia. La mwaka 2024 lilifanyika Tunbridge Wells, mji ambao mchezo ulizaliwa. Wachezaji wa mashindano hutumia vifaa vipya, si vya zamani, lakini vilabu hivyo ndimo wakusanyaji wanamokutana.

Timu isiyouzika ndiyo yenye bei

Kila timu iliuzwa katika boksi lake lenye namba ya orodha. Namba 1 ni jezi nyekundu na kaptura nyeupe, namba 2 ni jezi ya bluu na kaptura nyeupe. Hizo ndizo zilizowekwa ndani ya seti nyingi kubwa, kwa hiyo zimejaa kila mahali na bei yake ni ndogo. Orodha iliendelea hadi mamia ya namba, na humo ndani zimo jezi za ugenini za vilabu vya madaraja ya chini, na vilabu vya nchi za nje ambavyo mtoto wa Leeds hakuwa na sababu ya kuvinunua.

Hapa mfanyabiashara aliyezoea kuuza kinachopendwa na wengi hujikwaa. Timu iliyouzwa sana mwaka 1975 ipo kwa wingi leo. Timu iliyododa dukani hadi mwenye duka akaacha kuiagiza ndiyo adimu, na adimu ndiyo inayotafutwa na mtu ambaye tayari ana nyingine zote. Namba iliyoandikwa kwenye lebo pembeni mwa boksi kwa hiyo ni kitu cha kwanza kusoma, kabla hata ya kufungua.

Kampuni hiyo hiyo ilitoa pia kriketi, raga, hoki, mbio za pikipiki na hata uvuvi wa samaki. Nyingi ya hizo hazikupata umaarufu wa soka. Vilevile kulikuwa na vifaa vya kuongezea kama taa za uwanja, jukwaa la watazamaji, ubao wa matokeo, vikombe, waamuzi, polisi na wapiga picha. Vifaa hivi vidogo huuzwa vyema peke yake. Mara kadhaa seti iliyovunjika vunjika huingiza fedha zaidi ikigawanywa kuliko ikiuzwa nzima, ingawa wapo wanaoona huko ni kuharibu. Mimi naona inategemea boksi: likiwa zima na lina kila kitu, liachwe kama lilivyo.

Kukagua kabla ya kulipa

Anza kwa kuhesabu. Timu ina wachezaji kumi wa ndani na golikipa mwenye kijiti cha kumwongozea. Pungufu ya mmoja huishusha bei kupita kiasi ambacho mtu angetegemea, kwa sababu kumpata mchezaji mmoja wa kujazia, wa umbo lile lile na rangi ile ile, huenda kukamlazimu mnunuzi anunue timu nyingine nzima.

Kisha tazama vifundo vya miguu. Hapo ndipo wanapovunjika, kwa sababu watoto huwakanyaga. Mchezaji aliyegandishwa kwa gundi huwa mfupi kidogo kuliko wenzake. Wapange wote kwa mstari mezani na uinamishe macho yafike usawa wa vichwa vyao. Aliyepungua atajitokeza mwenyewe. Pembeni ya kifundo gundi huacha pete inayong'aa ukiiweka chini ya taa.

Kupaka rangi upya ni tatizo kubwa zaidi. Ni rahisi kuchukua timu nyekundu ya kawaida na kuigeuza kuwa timu adimu, na wapo wanaofanya hivyo kwa raha zao bila nia ya kumdanganya mtu. Lakini mchezaji huyo akishauzwa mara mbili, tatu, habari ya kupakwa upya hupotea. Tazama kwa kioo cha kukuzia kwenye mikunjo ya shati na nyuma ya magoti. Rangi ya chini huchungulia hapo. Rangi mpya mara nyingi huwa nene na huziba mikunjo ya uso.

Boksi nalo hukaguliwa. Je, namba kwenye lebo inalingana na timu iliyo ndani? Mabadilishano ya maboksi yalifanywa na watoto wenyewe miaka 40 iliyopita, hivyo kutolingana si lazima uwe wizi, lakini bei inabadilika. Siku hizi kuna pia maboksi na lebo zinazochapishwa upya kwa kompyuta. Karatasi nyeupe sana kwenye boksi lililokwajuka haikufika hapo pamoja nalo.

Ukimwuzia mtu, sema yote hayo mwenyewe. Andika: wachezaji wawili wamegandishwa, boksi limechanika kona, golikipa si wa asili. Katika soko hili watu wanajuana, na mnunuzi wa Napoli aliyepokea kitu tofauti na maelezo atairudisha, nawe utalipa usafiri wa pande mbili.

Ya Marekani kwa ufupi

Upande wa Marekani mchezo mkuu wa mezani ni beisiboli, na thamani iko kwenye kadi. APBA ilianza kuuzwa mwaka 1951 na Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, kwa njia ya posta. Strat-O-Matic ya Hal Richman ilifuata mwaka 1961. Katika michezo hiyo kila mchezaji wa kweli ana kadi yake, na dadu zikirushwa kadi hueleza kilichotokea kulingana na takwimu zake za msimu ule. Mtangulizi wa hizo ni National Pastime ya Clifford Van Beek, ya mwanzoni mwa miaka ya 1930. All-Star Baseball ya Cadaco, iliyobuniwa na mchezaji Ethan Allen na kutoka mwaka 1941, yenyewe hutumia visahani vya karatasi na mshale wa kuzungusha.

Kwa anayekusanya Uingereza hizi ni nadra kuonekana. Zikionekana, hesabu kadi kwa kila timu na usizichanganye za misimu miwili. Na ujue kwamba tangu tarehe 29 Agosti 2025 Marekani iliondoa msamaha wa ushuru kwa vifurushi vyenye thamani isiyozidi dola 800, kwa hiyo hata boksi dogo linaloelekea huko linahitaji hesabu ya ushuru kabla ya kutumwa.

Bei ya kuombwa na bei ya kulipwa

Maboksi haya hupatikana katika maduka ya hisani, katika masoko ya Jumapili ambapo watu huuza vitu vya nyumbani kutoka kwenye buti za magari, kwa wasafishaji wa nyumba, na katika minada ya vichezeo. Mnadani kumbuka kwamba bei ya nyundo siyo utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, na juu ya ada kuna VAT.

Kosa linalorudiwa mno ni kufungua intaneti, kuona mtu ameweka boksi kama lako kwa paundi 200, na kuamini kwamba unazo paundi 200. Hiyo ni bei ya kuombwa, na boksi hilo huenda limekaa hapo miaka miwili. Kwenye eBay kuna sehemu ya kuchagua vitu vilivyouzwa tayari. Tazama hizo peke yake, tazama kumi, acha ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Mpaka

Tuchukue hesabu ya mfano. Mnunuzi wa Milano amekubali kulipa euro 100 kwa seti, na usafiri ni euro 25. Kabla ya 2021 habari iliishia hapo. Sasa bidhaa hiyo inaingia Italia kama bidhaa kutoka nje, na VAT ya Italia ni asilimia 22 ya bei pamoja na usafiri, yaani euro 27.50. Nchi nyingine zina viwango vyao: Ufaransa asilimia 20, Ubelgiji 21, Ireland 23. Umoja wa Ulaya uliufuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vidogo tarehe 1 Julai 2021, kwa hiyo hakuna tena kifurushi cha biashara kilicho kidogo mno kulipiwa.

Nani analipa, na wapi? Kwa bidhaa zisizozidi euro 150 bila kuhesabu usafiri kuna mfumo unaoitwa IOSS. Ukiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni, soko lenyewe hukata VAT kwa mnunuzi wakati wa malipo na kukupa namba ya IOSS. Namba hiyo inatakiwa iingie kwenye taarifa za kielektroniki unapolipia usafiri. Ukiiandika kwa kalamu juu ya katoni tu, au ukiisahau, forodha ya huko haioni kwamba kodi imelipwa. Mnunuzi atadaiwa mara ya pili mlangoni, pamoja na ada ya kampuni ya vifurushi. Wengi hukataa kupokea hapo hapo.

Ukiuza nje ya masoko hayo, kwa kuelewana kwa simu au barua pepe, mnunuzi atalipa VAT na ada mzigo ukifika. Mwambie kabla. Euro 125 alizokuwa amejiandalia zitakuwa euro 152.50 na zaidi, na ni afadhali akatae sasa kuliko mzigo ukiwa Milano.

Bidhaa ikizidi euro 150 haiingii IOSS, na suala la ushuru wa forodha linaingia pamoja na VAT. Mkataba wa biashara kati ya Uingereza na Umoja wa Ulaya unaondoa ushuru kwa bidhaa zenye asili ya Uingereza, siyo kwa kila kinachotoka Uingereza, na asili hiyo hutakiwa kutamkwa kwenye ankara. Maneno ya "imetengenezwa Uingereza" kwenye boksi hukusaidia kujieleza lakini peke yake si cheti. Wengine hugawa oda moja katika vifurushi viwili ili kila kimoja kiwe chini ya 150. Forodha wanaijua mbinu hiyo, na vifurushi vya oda moja huhesabiwa pamoja. Kizingiti chenyewe kiko katika marekebisho, kwa hiyo uliza kiwango cha siku hiyo kabla ya kufunga mzigo.

Kuandika "zawadi" ni mbinu nyingine ya zamani. Msamaha wa zawadi upo, lakini ni wa mtu binafsi kwa mtu binafsi, bila malipo, na hauzidi euro 45. Kitu kilicholipiwa si zawadi. Isitoshe, mzigo ukipotea utafidiwa kwa thamani uliyoitangaza. Aliyeandika euro 20 kwenye boksi la euro 300 atapewa, akipewa, euro 20.

Maelezo ya bidhaa yawe kamili. Mfumo wa ulinzi wa forodha za Ulaya hukataa maneno ya jumla kama "kichezeo" au "vitu mbalimbali". Andika: mchezo wa mezani wa soka, wa plastiki na karatasi, uliotumika, wa miaka ya 1970. Namba ya bidhaa ni 9504, fungu la michezo ya mezani. 9503 ni ya vichezeo. Tarakimu sita za kwanza za namba hizi ni zile zile katika nchi karibu zote, zikiwemo za Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mtoa mizigo wa Mombasa anazisoma sawa na wa Rotterdam.

Hapa kuna mtego. Wauzaji husikia kwamba vitu vya kale na vya wakusanyaji vina unafuu wa kodi na mafungu yao wenyewe, 9705 na 9706, wakakimbilia huko. Fungu la 9706 ni la vitu vilivyopita miaka 100. Subbuteo ya kwanza kabisa itaufikia umri huo mwaka 2047. Fungu la 9705 nalo ni gumu, kwani kitu kinatakiwa kiwe adimu, kisiwe cha kutumika kwa kazi yake ya awali, kiuzwe nje ya biashara ya kawaida ya vitu vya aina yake, na kiwe na thamani kubwa. Timu namba 1 ya paundi 10 haina hata moja kati ya hayo. Ukiitangaza huko, umetoa tamko la uongo.

Hata hivyo, neno "mkusanyaji" lina kazi mahali pengine. Tarehe 13 Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni mpya ya usalama wa bidhaa, ambayo inahusu hata zilizotumika na inataka kila bidhaa iwe na mhusika ndani ya Umoja. Wauzaji wadogo wengi wa Uingereza waliacha kutuma Ulaya na Ireland ya Kaskazini wiki hizo hizo. Lakini kanuni hiyo haigusi vitu vya kale, na kwa maana yake vitu vya kale ni pamoja na vya wakusanyaji, ambavyo mnunuzi hawezi kutegemea vifikie viwango vya usalama vya leo. Kwa hiyo tangazo lako liseme wazi kwamba ni kitu cha zamani kwa wakusanyaji watu wazima, wala si kichezeo cha mtoto. Usiweke picha ya mtoto anayechezea.

Anayebeba maboksi kwenye gari kupitia Dover kwenda kwenye maonyesho ya Ubelgiji naye anasafirisha bidhaa, hata kama yamo kwenye buti pamoja na nguo zake. Anatakiwa kuwa na namba ya EORI na kutoa tamko akitoka na akiingia. Kutoka Belfast kwenda Dublin hakuna kituo cha forodha, jambo ambalo aliyezoea Namanga au Busia huchelewa kuliamini.

Kwa wasafirishaji

Mzigo huu ni mwepesi na mkubwa, na kampuni za vifurushi hulipisha kwa ukubwa. Hesabu inayotumika sana ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, ugawanye kwa 5,000. Katoni ya sentimita 55 kwa 40 kwa 15 inatoa kilo 6.6 za kulipia, hata kama mizani inasoma kilo 2. Pima katoni ya nje, siyo boksi la mchezo, na upime kabla ya kumtajia mteja nauli.

Boksi la mchezo lisiwe ndilo katoni ya kusafirishia, na selotepu isiguse karatasi yake, maana ikibanduliwa huondoka na picha. Boksi lifungwe kwa karatasi laini, kisha plastiki yenye vipovu vya hewa, kisha liingie katoni ngumu yenye nafasi ya vidole vitatu kila upande. Wachezaji wasiachwe wakigongana ndani. Kila mmoja akae mahali pake na juu yao iwekwe karatasi laini ili kifuniko kikishuka wasitikisike. Kona za boksi ndizo zinazokufa kwanza, na kona iliyobonyea ni punguzo la bei. Usipange katoni nzito juu yake.

Toa betri kwenye taa za uwanja. Za zamani huvuja na kuila shaba, na mpya zina masharti yake kwenye ndege. Wachezaji bapa wa zamani wa selulosi wanahitaji uangalifu wa pekee. Selulosi ya nitrati huwaka kwa kasi na imo katika orodha ya bidhaa hatari za usafirishaji kwa namba UN 2000. Kama huna hakika ni plastiki ya aina gani, iulize kampuni ya usafirishaji kwa maandishi kabla ya kukabidhi, na usiiache kwenye gari juani.

Piga picha za kila kitu kabla ya kufunga, wakati wa kufunga, na lebo ikiwa imebandikwa. Mzigo uliokataliwa na mnunuzi ukirudi Uingereza unaweza kuingia bila ushuru kama bidhaa iliyorudishwa, ilimradi uthibitishe ni ule ule uliotoka na haukufanyiwa kazi yoyote huko. Tunza nakala ya tamko la kutoka, ankara, risiti ya usafiri na picha hizo mahali pamoja. Kampuni ya vifurushi itaziulizia ndani ya siku chache, na katoni isiyo na majibu hulipishwa ada ya kuhifadhiwa kila siku inapokaa.